Silikoni ya kukagulia krauni: inaonyesha palipokwama, mwanya haiupimi

Kati ya vifaa vya kukagua jinsi krauni (kofia ya jino) inavyokaa juu ya jino lililochongwa, silikoni nyepesi ya kukagulia inastahili kuwekwa mbele ya dawa ya kupuliza yenye rangi. Dawa ya kupuliza ni ya haraka, lakini unga wake unafutika popote ukuta wa krauni unapokwaruza jino njiani. Alama unayoiona inaweza kuwa ya msuguano mdogo tu usiozuia chochote. Silikoni huacha utando. Panapogusana utando hutoboka, na palipo na nafasi hubaki mnene kadiri ya nafasi yenyewe.

Huuzwa katika tyubu mbili za kukorogwa kwa mkono kwa urefu sawa, au katika katriji yenye ncha ya kuchanganyia. Katriji ina viputo vichache, ila kila mara kiasi fulani hubaki ndani ya ncha na kutupwa, na kwa krauni moja hasara hiyo huzidi kilichotumika. Kwa kliniki yenye kazi chache tyubu zinatosha. Rangi ina uzito zaidi kuliko aina ya kifungashio: nyeupe inasomeka vizuri ndani ya chuma, lakini ndani ya zirkonia, kauri ngumu nyeupe, haionekani vizuri, kwa hiyo huko chukua ya rangi ya samawati au nyingine iliyokolea.

Kosa linaloifanya silikoni ilaumiwe bure ni mpangilio wa ukaguzi. Ondoa kwanza mabaki yote ya saruji ya muda (gundi iliyoshikilia krauni ya muda) kwenye jino, kisha kagua mguso na meno ya jirani kwa uzi wa meno. Uzi upite kwa kukaza kidogo bila kuchanika. Mguso ukibana upande mmoja, krauni itaning'inia, na silikoni itakuonyesha nafasi kubwa ukingoni huku ndani hakuna kasoro yoyote. Wengi husaga ndani ya krauni nzima kwa sababu ya tatizo lililokuwa nje. Mng'ato, yaani jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana, hukaguliwa mwisho, krauni ikishafika chini.

Kausha krauni, paka silikoni nyembamba kwenye kuta karibu na ukingo. Usiijaze, kwa kuwa silikoni nyingi hujifungia ndani na kuisukuma krauni juu. Weka krauni juu ya jino kwa msukumo wa kidole usiobadilika hadi silikoni igande. Msukumo ukilegea katikati, utando unaosoma ni wa krauni iliyokwisha kuinuka. Glavu za lateksi ziweke kando: salfa yake huzuia silikoni ya aina hii kuganda, na utaona utando unaonata ukadhani kifaa kimeharibika. Glavu za nitrili hazina shida hiyo. Joto la chumba likipanda nalo hufupisha muda wa kazi.

Krauni ikitoka, usikimbilie kuubandua utando. Chora kwa penseli kwenye kila tundu, kisha bandua na usage alama hizo peke yake kwa kichwa kidogo cha almasi cha duara, maji yakitiririka, hasa kwa zirkonia. Tundu kwenye kona ya juu ya ndani mara nyingi lina chanzo kimoja: jino limeachwa na pembe kali ambayo kichwa cha mashine ya kuchonga hakiwezi kuifikia kwa sababu ya unene wake. Hapo kulainisha pembe ya jino ni bora kuliko kupunguza krauni. Tundu moja la duara juu, na utando mnene kuzunguka ukingo wote, huashiria kinundu ndani ya krauni, kilichotokana na kiputo kwenye plasta ya modeli ya jino. Kuta zikiwa zimetoboka pande zote huku juu kukiwa kunene, krauni imebana na haijashuka. Ikiwa baada ya kurudia mara mbili au tatu matundu yanahama tu, acha kusaga. Chukua upya chapa ya jino ya kutengenezea krauni nyingine.

Sasa upande wa namba, ambako matangazo hupenda kuvuka mpaka. Kiwango kinachotajwa sana ni maikromita 120 (milimita 0.12) za mwanya wa ukingoni, kilichotolewa na McLean na von Fraunhofer mwaka 1971. Kwa jicho huwezi kutofautisha utando wa maikromita 80 na wa 140. Kupata namba kunahitaji utando huo ushikizwe kwa silikoni nzito, ukatwe kwa wembe katika mikato miwili inayopishana, kisha upimwe kwa hadubini katika sehemu nyingi, maana mwanya hubadilika sana kuzunguka jino moja. Hiyo ni kazi ya maabara. Isitoshe, utando hauonyeshi vizuri ukingo uliozidi nje au uliopungua. Hilo lipitie kwa ncha ya chuma, kutoka krauni kwenda kwenye jino na kurudi: ikikwama ikitoka jino kwenda krauni tu, krauni imezidi; ikikwama ikitoka krauni kwenda jino tu, imepungua; ikikwama pande zote mbili, kuna mwanya. Eksirei husaidia kati ya meno peke yake, na miale ikiingia kwa mshazari huuficha mwanya.

Udhaifu wa kweli wa silikoni ni mabaki. Silikoni huacha mafuta membamba ambayo maji hayaondoi, na saruji za kunatisha (gundi za kudumu za krauni) hushika vibaya juu yake. Zirkonia isafishwe kwa kupuliziwa unga wa alumina wa maikromita 50 kwa shinikizo dogo. Asidi ya fosforiki usiitumie hapo, kwa kuwa fosfati inayobaki hukalia nafasi ambazo kinatishi kinazihitaji. Krauni ya kauri ya kioo nayo ikaguliwe kwanza, ndipo iwekewe asidi ya hidrofloriki.