Boksi la nzi bandia la mtumba hapa Tanga: chukua kwa ajili ya nimfa (nzi bandia za kuzama), za kuelea sahau

Wazee wa ndoano, kuna maboksi ya nzi bandia ya mtumba yameingia hapa Tanga mjini, kwenye meza moja ya vifaa vya uvuvi. Jamaa alianza na 35,000 nikamshusha mpaka 25,000. Ndani kuna ndoano 40 zimefungwa manyoya na nyuzi, zote za trauti, yule samaki wa mito ya baridi milimani, pamoja na chati ya plastiki inayoonyesha kila nzi anaiga mdudu gani. Huku pwani trauti hatuna, mimi nilimchukulia shemeji yangu anayevua mito ya Mlima Kenya.

Aisee ile chati ndo mali yenyewe. Wengi tunadhani nzi ni nzi, tupa tu samaki atakuja, kumbe trauti anakula kulingana na mdudu yupo hatua gani saa hiyo. Mfano meiflai, mdudu wa mtoni, maisha yake karibu yote yuko chini ya mawe akiwa nimfa, yaani mdudu mchanga asiye na mabawa bado, siku ikifika anapanda juu, ngozi inapasuka anatoka na mabawa, anaenda kutulia kwenye majani, halafu anajivua ngozi tena wakati mabawa anayo tayari (wadudu wengine hawana hiyo), anapandana, anataga, amekufa, wala hali kitu maana mdomo haufanyi kazi. Sasa huyo mmoja tu anataka nzi bandia wa aina tatu, wa chini, wa anayetoka na wa aliyekufa akalala juu ya maji mabawa yametanda. Ukitaka kumwona nenda kijito chochote kule Amani, milima ya Usambara, ugeuze jiwe la kwenye mkondo, utakuta kitu bapa kina mikia nyuma na mashavu yanapepea ubavuni, na pembeni yake unaweza kuona kijumba cha chembe za mchanga zilizogandishwa, humo ndani kuna buu la kadisi, mdudu mwingine wa majini.

Nimfa za kwenye boksi ziko poa, nzito, zinazama vizuri. Za kuelea sasa, mh! Manyoya machache, zinalowa haraka, na nyingine tundu la ndoano limezibwa na gundi mpaka uchokonoe na pini. Shemeji alivyozipokea akanijibu, "Shem wala usijali, hata wakiruka wengi juu, trauti mara nyingi yuko chini anadaka wanaopanda." Kwa hiyo hasara siyo kubwa.

Kingine, miezi iliyoandikwa kwenye chati ni ya Ulaya, Aprili huyu Mei yule, kule wanasubiri maji yapate joto baada ya baridi kali. Huku kwetu karibu na ikweta usiifuate, angalia mto wenyewe. Na nzi bandia wa kuiga usubi hamna kabisa kwenye boksi, ndoano ndogo kuliko zote humo ni namba 16 (namba ikipanda ndoano inapungua, msichanganye), wakati usubi unataka 20 kwenda mbele.

Wa baharini msihangaike nazo, moja niliijaribu Raskazone, kesho yake shingo imeshika kutu. Muuzaji hana noma ukifungua boksi hapo hapo mezani, kagua matundu kwanza ndo utoe hela.