Mlimani au UDOM? Nimekaa kote, ngoja niwape ukweli

Kila matokeo ya fomu siksi yakitoka lazima nipigiwe simu na wadogo zangu wa nyumbani, "kaka eti niombe UDSM au UDOM?" Yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndo hiyo Mlimani, au Chuo Kikuu cha Dodoma. Mi digrii ya kwanza nilipiga UDOM, masta nikaja kupigia Mlimani, kwa hiyo naongea vitu nilivyoviishi.

Tuanze na msuli, yaani kusoma kwenyewe, maana ndo una maneno mengi. Watu wa Mlimani wanajiona wao ndo wamesoma, na kweli chuo kina umri wake, kimeanza 1961, wakati UDOM ni wa 2007 juzi tu hapo. Sasa ukishaingia kwenye kozi umri wa chuo haukusaidii kitu, unakutana na lekchara wako basi. Kote sapu (mitihani ya marudio) zipo, kote watu wanadisko (wanaondolewa chuo kwa kufeli), kote koswek (maksi za kazi na majaribio ya muhula) inaweza kukuzika kabla hata UE, mtihani wa mwisho wa muhula, haijafika. Kinachoamua ni kozi. Mlimani nilikuwa na jamaa wa uinjinia, saa nane usiku bado kainamia michoro yake, na mwenzie wa chumba hichohicho wa kozi nyingine (siitaji nisije nikatukanwa) anakoroma toka saa nne. Ila kwa laibrari Mlimani wameshinda, ile kubwa iliyofunguliwa 2018 ukikaa mle hata uvivu unaona aibu.

Sasa maisha. Hapa mtanishangaa, mi nawapa UDOM. Mlimani jiji linawameza watu, kipindi kikiisha saa kumi huyu kapanda gari la Mabibo, huyu karudi kwao Mbagala, huyu yuko Mlimani City anazunguka tu kupigwa na AC mfukoni hana hata nauli. Bumu (hela ya mkopo) likiingia ndo kabisa, wikiendi chuo kinabaki na tumbili. Unaweza ukasoma na mtu miaka mitatu humjui anakaa wapi.

UDOM ni mji wake wenyewe. Koleji zimetawanyika vilimani huko, kutoka CIVE, koleji ya mambo ya kompyuta, kwenda Humanitia kwa mguu unafika umechoka na vumbi mpaka kwenye nyusi. Lakini kwa vile hamna pa kukimbilia, mnaishi pamoja kweli. Jioni mnachanga mia tano mia tano mnanunua zabibu, mnakaa nje ya bloku na madesa (noti) yenu eti diskasheni, anatokea mmoja anataja Yanga, basi, mpaka saa sita mnabishana swali la kwanza halijaguswa. Wale jamaa mpaka leo ndo naowapigia nikikwama, na harusi zao zote nimechangia.

Kama unataka fursa za jiji, vibarua, field (mafunzo ya vitendo) karibu, nenda Mlimani usijiulize. Kama unataka watu, panda basi la Dodoma, na sweta ubebe, mwezi wa sita upepo wa kule hauna undugu.