Kisu cha Kukunja cha Kila Siku: Tazama Kufuli Kwanza

Ukisoma matangazo ya visu vya kukunja utadhani swali kubwa ni aina ya chuma. Mimi huanza na kufuli, yaani kile kinachozuia bapa lisijikunje ukiwa katikati ya kukata. Chuma hafifu kitakuchosha kwa kunoa kila mara. Kufuli bovu litakufungia kisu vidoleni. Ndiyo maana nimevipanga kwa kufuli.

Nafasi ya kwanza naipa kufuli la mgongoni. Utalitambua kwa sehemu ya kubonyeza iliyo juu ya mpini. Ukifunga, dole gumba halipiti kwenye njia ya makali. Kisu cha Buck 110 kimeupa sifa muundo huu tangu miaka ya 1960, ila kina takriban gramu 200, na kisu kizito huishia kabatini. Spyderco Delica ni nyepesi zaidi, na bapa lake lina tundu la kusukumia kwa dole gumba, hivyo mkono mmoja unatosha kuifungua. Siku ya dharura hilo si anasa, kwani mkono wa pili utakuwa umeshika kamba, au umemshika mtu. Kasoro ya kufuli hili ni kwamba vumbi na nyuzi za mfukoni hujazana kwenye pengo lake, likashindwa kukaa sawasawa. Lichokonoe kwa kijiti cha meno mara kwa mara.

Linafuata kufuli la bamba: kipande chembamba cha chuma ndani ya mpini, kinachoruka na kukaa nyuma ya bapa. Ndilo limejaa madukani, na ubora wake hutofautiana mno. Fungua kisu, kitazame kwa ndani. Bamba likigusa kisigino cha bapa (mwisho wake ulio ndani ya mpini) kwa ncha tu, linaweza kuteleza. Likiwa limeshafika upande wa pili na kisu bado kipya, halitadumu. Kiache.

Ya tatu ni Opinel namba 8 ya Ufaransa, yenye pete ya kuzungusha iliyoongezwa mwaka 1955. Bapa ni jembamba, na kwa kukata matunda au kamba sijui kinachoishinda. Lakini inataka mikono miwili, na mpini wake wa mbao ukilowa huvimba hadi bapa linagoma kutoka.

Mwisho kabisa ni vile visu vyekundu vya Uswisi vya Victorinox, vile vidogo visivyo na kufuli ila springi. Usivichomee kitu kigumu kwa ncha. Hata hivyo mkasi na bisibisi yake utavitumia kuliko bapa lenyewe, na sheria inaweza kuvipandisha hadi namba moja: Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja kisicho na kufuli chenye makali yasiyozidi inchi 3 ndicho unachoweza kubeba bila kutakiwa kueleza sababu. Ulizia sheria ya unakoishi kabla hujalipa.

Chochote utakachochagua, kifungue ukitikise bapa. Likicheza kushoto na kulia, mara nyingi ni skrubu ya bawaba inayohitaji kukazwa. Likicheza juu na chini, tatizo ni kufuli lenyewe, na hakuna skrubu ya kulitibu.

Urefu wa bapa wa sentimita 7 hadi 9 unatosha. Chuma cha pua kinafaa mfuko wenye jasho. Cha kaboni hunoleka vizuri lakini hushika kutu usipokikausha. Makali ya meno hukata mkanda wa kiti cha gari haraka, ila ni kazi kuyanoa, na bapa la kuokolea watu liwe na ncha butu ili usimchome unayemsaidia. Kama ajali za barabarani ndizo zinazokutia hofu, nunua kikatio cha mkanda, ukifunge mahali mkono wako unafika ukiwa umekaa.