Koleo mkononi au kura sandukuni?

Mtaro ukiziba mbele ya nyumba, njia ni mbili. Ya kwanza: kunja suruali, shika koleo, zoa matope na chupa za plastiki, kabla jua halijawa kali maji yanapita. Ya pili: peleka malalamiko, subiri kikao, subiri bajeti, kisha subiri uchaguzi. Mimi hushika koleo. Si ushujaa, ila mbu hawangoji kikao.

Uzuri wa kuanza mwenyewe ni kwamba matokeo unayaona, na jirani aliyekuwa akichungulia dirishani mara nyingi hutoka na ndoo yake. Wangari Maathai alianza hivyo Kenya mwaka 1977, kwa miche michache tu. Wanawake wa vijijini wakaendelea naye hadi miti ikafika mamilioni.

Lakini koleo lina mwisho wake. Chukua madini ya risasi, yenye sumu, yaliyokuwa yakitiwa kwenye petroli ya magari. Hata ungeuza gari ukatembea kwa miguu maisha yako yote, bado ungevuta moshi wa wenzako. Yaliondolewa kwa sheria, nchi baada ya nchi, Algeria ikiwa ya mwisho mwaka 2021. Hapo siasa inashinda, tena kwa mbali, ingawa ilijikongoja karibu miaka 100.

Maathai naye alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2002, baada ya robo karne ya kupanda miti. Ningempigia kura mtu wa namna hiyo kabla ya yule anayeahidi mtaro ambao hajawahi kuuchungulia.