Uzoefu wangu Talyllyn: reli iliyokufa ifufuliwe au ing'olewe?

Nilikuwa mmoja wa wale wanaosema reli ikishakufa ing'olewe, njia waachiwe wenye baiskeli. Safari ya reli ndogo ya Talyllyn, huko Wales, Uingereza, imenitoa kwenye msimamo huo, ingawa si moja kwa moja.

Reli hii ilijengwa mwaka 1865 kushusha mawe ya kuezekea kutoka machimbo ya Bryn Eglwys hadi Tywyn, pwani. Machimbo yalifungwa 1946, na mwenye reli akafariki 1950. Ingeishia hapo. Lakini watu wa kujitolea waliichukua, na Mei 1951 wakaanza kuendesha treni wenyewe. Ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa hivyo.

Kilichonishangaza mwanzoni ni milango. Iko upande mmoja tu wa behewa! Kondakta alinieleza kwamba nafasi kati ya behewa na kuta za madaraja ilikuwa finyu mno, mkaguzi wa serikali akakataa. Basi reli ikasogezwa pembeni chini ya madaraja, milango ya upande wa pili ikazibwa. Mpaka leo abiria wote wanashukia upande uleule. Hapo ndipo nilipoamini kwamba nimepanda reli ya kweli, si mapambo ya watalii.

Tulivutwa na Dolgoch, injini ya mwaka 1866. Mtia makaa alikuwa mama wa makamo, masizi hadi kwenye nyusi, na kila alipofungua mlango wa tanuru uso wake uligeuka mwekundu. Safari nzima haifiki hata kilomita 12, lakini ina mahali pa kushuka: stesheni ya Dolgoch iko karibu na maporomoko ya maji. Unatembea kidogo, unakaa, kisha unarudi na treni nyingine.

Nimewahi kupanda reli nyingine ya aina hii, sitaitaja. Treni ilikwenda, ikasimama vichakani, kichwa kikahamishiwa upande wa pili, tukarudi. Hakuna aliyeshuka. Watoto walilala njia nzima. Ile ningewapa wenye baiskeli leo hii.

Kwa hiyo mji wowote wenye reli iliyolala ningeuuliza kwanza: abiria atashuka wapi, afanye nini? Halafu nani atabadilisha mataruma, yaani mbao zinazobeba vyuma, yakioza? Boila ya injini, linamochemkia maji ya mvuke, nayo lazima ifunguliwe na kukaguliwa kila baada ya miaka kadhaa, kazi ya fedha nyingi na mikono mingi. Talyllyn wanayo mikono hiyo, tena ya watu wanaotumia likizo zao kupiga rangi na kuchimba mitaro.

Msipokuwa na majibu, ng'oeni vyuma lakini ardhi msiiuze vipande vipande. Marekani sheria yao tangu 1983 inaruhusu njia ya reli kutumiwa na watembea kwa miguu na wenye baiskeli huku ikihifadhiwa, treni iweze kurudi siku itakapohitajika.