Flutter kwa anayeanza: nilivyoijaribu Dodoma

Nilianza kujifunza Flutter kwa ajili ya shangazi yangu, ambaye hununua zabibu kwa wakulima wa Hombolo na alikuwa akiandika kilo na malipo yao kwenye daftari. Nilitaka programu moja itakayofanya kazi kwenye simu yake ya Android na kwenye iPhone ya mwanawe, bila kuiandika mara mbili. Flutter, zana ya Google iliyofikia toleo la 1.0 Desemba 2018, imeundwa kwa kazi hiyo hasa: unaandika kwa lugha ya Dart, na msimbo huohuo unatoa programu za Android, iOS, wavuti na kompyuta.

Mwanzo wake ni mzito. Utapakua Flutter yenyewe, kisha Android Studio (programu ya kutengenezea programu za Android) na vifaa vyake, na unapojenga programu kwa mara ya kwanza Gradle, zana inayounganisha msimbo kuwa programu ya Android, nayo huvuta mafaili yake kutoka intaneti. Hizo ni GB kadhaa, kwa hiyo anayetegemea bando la simu ajipange mapema. Amri ya flutter doctor hukagua kompyuta na kutaja kinachokosekana, nami nawashauri wanaoanza wasiandike chochote kabla haijaridhika. Kompyuta yangu yenye RAM ya GB 8 ililemewa na simu ya kuigiza (emulator) inayoendeshwa ndani ya kompyuta, lakini nilipochomeka simu halisi kwa waya, baada ya kuruhusu utatuzi wa USB (USB debugging) kwenye mipangilio yake ili kompyuta iweze kuendesha programu humo, kazi ilikwenda vizuri.

Kilichonifanya niipende ni kupakia upya papo hapo (hot reload): ukibadilisha msimbo, programu inayofanya kazi hubadilika bila kuanzishwa upya. Shangazi alikaa kando yangu, akajaza majina ya wakulima watatu, kisha akasema, "Mwanangu, hizi namba sizioni." Nikaongeza ukubwa wa maandishi, nikahifadhi, na skrini ikabadilika akiitazama, majina yake yakiwa palepale. Zaidi ya hayo, maktaba ya flutter_localizations, yenye tafsiri za maneno ya Flutter yenyewe, ina Kiswahili, hivyo hata kalenda ya kuchagulia tarehe anaisoma kwa lugha yake.

Wijeti, yaani vipande vinavyojenga skrini kama maandishi na vitufe, huwekwa ndani ya wijeti nyingine, na mabano yake huchanganya mwanzoni, ingawa aliyewahi kuandika lugha ya Java ataizoea Dart haraka. Toleo la iPhone bado sijalitoa, kwa kuwa kulijenga kunahitaji kompyuta ya Mac yenye Xcode, programu ya Apple ya kutengenezea programu za iPhone; mwenye wateja wa iPhone aliweke hilo kwenye bajeti kabla ya kuwaahidi.