Juu ama chini? Uzoefu wangu wa kwenda JKIA kwa Nairobi Expressway

Siku hizi ukiita teksi Westlands ukamwambia dereva unaenda JKIA, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, swali linakuja hata kabla hajafunga buti: "Bosi, tupitie juu ama chini?" Juu ni Expressway, barabara ya kulipia iliyojengwa juu ya nguzo, na ada ni ya abiria. Chini ni Uhuru Highway na Mombasa Road, bure, pamoja na yote yaliyomo humo. Kazi yangu hunitoa Nairobi karibu kila mwezi, kwa hiyo swali hilo nimelijibu mara nyingi tangu 2022. Mwanzoni nilikuwa nasema "juu" bila kufikiri. Sasa natazama saa kwanza.

Aliyeanza kusafiri juzi huenda asielewe kwa nini watu wazima tuliishangilia barabara. Mwaka 2019 niliachwa na ndege ya Kisumu ya saa kumi na mbili jioni, na nyumbani nilikuwa nimeondoka saa tisa. Mvua ilishika tukiwa karibu na Nyayo Stadium. Magari yakasimama mpaka dereva akazima injini, akafungua dirisha na kununua njugu. Nilifika kaunta nikihema, na mhudumu hata hakunilaumu. Alinionea huruma tu, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kwa hiyo barabara ilipofunguliwa kwa majaribio tarehe 14 Mei 2022, mimi nilikuwa miongoni mwa wale walioenda kuitembelea kama watu wanaokwenda kuona mbuga. Nilimchukua mama Mlolongo, inakoanzia, tukaenda nayo mpaka mwisho, James Gichuru Road, kilomita 27 na ushei. Mwanzoni inakwenda ardhini katikati ya Mombasa Road, halafu inapanda juu ya nguzo, na unajikuta uko usawa wa madirisha ya ofisi za watu. Mama alitazama jiji lote alilolihangaikia kwa miaka thelathini likipita chini yake kwa dakika chache, akasema, "Kumbe Nairobi ni ndogo hivi?" Kule Westlands nilimwonyesha ule mti mkubwa wa mugumo, mtakatifu kwa Wakikuyu, wa Waiyaki Way uliotakiwa kuondolewa kupisha ujenzi, mpaka Rais Uhuru Kenyatta alipotoa agizo mwaka 2020 kwamba usiguswe. Mama aliuamkia. Mti huo, kwake, si wa mchezo.

Sasa kwenye huduma yenyewe. Wengi huisifu kwa mwendo kasi, lakini mwendo wake ni kilomita 80 kwa saa tu, na ukiwa chini saa sita usiku unaweza kwenda hivyo hivyo. Mimi ninacholipia ni kujua nitafika saa ngapi. Kutoka Westlands hadi JKIA juu, sijawahi kukaa njiani zaidi ya nusu saa, iwe Ijumaa jioni au mwisho wa mwezi. Chini, safari hiyo hiyo inaweza kuwa dakika arobaini au saa mbili na nusu, na huna namna ya kujua ni ipi mpaka uwe umeshakwama Bunyala Road. Mwenye ndege ya kupanda halinganishi dakika arobaini na nusu saa. Analinganisha nusu saa na ile saa mbili na nusu, kwa sababu ndiyo itakayomwacha.

Bei sasa. Gari dogo likienda urefu wote lililipa shilingi 360 hapo awali. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 ikawa 500, na sababu iliyotolewa ni kushuka kwa thamani ya shilingi. Ada inahesabiwa kwa umbali, kwa hiyo ukiingia au kutoka njiani unalipa pungufu. Mimi nikipeleka risiti, kazini wananirudishia, na nakiri kwamba ndiyo maana naweza kuzungumza kwa utulivu. Dada yangu anayeuza nguo Gikomba na kuishi Syokimau amepita juu mara mbili tu, zote akiwa kwenye gari la mtu mwingine. Bodaboda na tuktuk haziruhusiwi kabisa. Na ukiwa kwenye matatu chini ya zile nguzo, jua halikufikii na msongamano ni ule ule. Sijui kama hilo linaingia kwenye ukaguzi wa huduma, lakini kila nikipita juu huwa natupa jicho chini.

Ila kurudi mjini asubuhi ni habari nyingine, na hapa ndipo naipunguzia alama. Nilimpokea mama mdogo Jumatatu moja saa moja asubuhi, ametoka Doha, miguu imevimba, anataka kulala tu. Tukapanda juu kwa mbwembwe. Tulipita Nyayo tukiwatazama walio chini kwa huruma, naye akawa ananisifu, "Mwanangu, mmeendelea!" Tulipofika kushuka Westlands, mkia wa magari ulikuwa umepanda mpaka juu ya daraja. Barabara za mjini zikishajaa, hakuna pa kushukia, na msongamano uliokwepa kwa pesa unakusubiri mlangoni. Tulikaa hapo dakika thelathini na tano, bila pa kugeuzia wala pa kutokea. Alinyamaza, kisha akauliza taratibu, "Na hapa pia tunalipa?"

Na usidhani kuna pa kusimama. Hakuna kituo cha mafuta, hakuna choo, hakuna duka. Mwenye watoto awapeleke haja kabla ya kuingia.

Kosa jingine ni langu mwenyewe. Mwaka jana nilikwenda na gari langu kumpokea rafiki, nikawa naongea, nikaupita mchepuko wa JKIA. Chini ukikosea njia unajikohoza, unatafuta mahali pa kugeuza. Juu ukikosea umekosea. Nilisukumwa na barabara kupita stesheni ya reli ya SGR mpaka Mlolongo, nikalipa kwa unyenyekevu, nikarudi uwanjani kwa Mombasa Road nikiwa nyuma ya lori la saruji. Rafiki alikuwa ameshatoka, amekaa juu ya sanduku lake. Basi ukitoka Westlands, ukishapita mchepuko wa Eastern Bypass, kata mazungumzo, kaa upande wa kushoto.

Malipo yenyewe hayana taabu kubwa. Unaweza kulipa taslimu kibandani, kutumia kadi unayoijaza pesa, au kubandika kile kifaa kwenye kioo cha mbele kinachofungua kizuizi chenyewe. Kifaa kina faida kwa anayepita kila siku. Mimi nina kadi, na ushauri wangu ni mmoja: angalia salio ukiwa nyumbani. Nimewahi kuwa yule mtu anayepigiwa honi na magari sita huku akipapasa mifukoni. Pia siku za maandamano barabara hii imewahi kufungwa, kwa hiyo sikiliza habari kabla ya kuipangia safari yako yote.

Hesabu pia lango la uwanja wa ndege. Expressway inakufikisha upesi mpaka kwenye ukaguzi wa usalama, pale abiria wanaposhuka kupita kwenye mashine huku dereva akipitisha gari upande wake, na foleni hiyo haijali ulikuja kwa njia gani. Mimi huiachia dakika ishirini.

Kwa kwenda JKIA jioni naipa nyota nne. Kwa kurudi asubuhi ya siku ya kazi, mbili, na hiyo ya pili ni kwa ajili ya mandhari. Wiki iliyopita nilikuwa na ndege ya usiku wa manane. Teksi ikaja saa nne na nusu, dereva akauliza swali lake. "Chini," nikamwambia. Akanitazama kwenye kioo kama mtu aliyegundua nimefilisika.